Rimoti ya Pili ya Wambeti

Jumamosi mjini Meru, pale karibu na soko la Gakoromone, mtu hamsikii mwenzake. Wauza ndizi wanaita, mikokoteni inasukumana, pikipiki zinapenya mahali ambapo hata mbuzi angesita. Hapo ndipo Wambeti aliposimamisha kigari chake cheupe, mbele ya yadi ya Mutugi, fundi wa waya za magari. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, miwani ya jua ameipandisha juu ya nywele. Tuseme ukweli: alikuwa mrembo, na alijua.

Mutugi alichomoza kutoka chini ya usukani wa gari lingine, la buluu, taa ya kupimia ikiwa kati ya meno yake. Akaitoa haraka.

"Karibu, madam. Gari inasumbua?"

"Haisumbui. Ni baridi inanisumbua. Mimi nauza mbegu, natoka Embu nazunguka hadi huku kwenu. Asubuhi nakaa ndani nikitetemeka, nangoja kioo kikauke. Nataka ile ya kuwasha na rimoti nikiwa bado nakunywa chai."

"Hiyo nitakufungia. Lakini tunaunganisha na loki za milango."

"Loki ziko sawa. Ama unajitafutia kazi?"

"Madam, gari ikijiwasha yenyewe na milango iko wazi, mwizi anaingia tu anaenda. Ikiwaka, lazima ijifunge. Bila loki, mimi siifungi hiyo kitu."

"Kwani ni gari yangu ama ni yako?"

"Ni yako. Lakini mwenye atakosa usingizi ni mimi."

Wambeti akacheka, akavuta kiti cha plastiki, akakaa kumtazama. Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mutugi alitafuta waya wa kufunga na waya wa kufungua kwenye mlango wa dereva, akaziunganisha, akampa rimoti ajaribu.

"Fundi! Nimebonyeza kufunga, milango imefunguka!"

"Pole. Nimechanganya waya. Macho yalikuwa kwingine."

"Yalikuwa wapi?"

Mutugi akainama, akazirudisha waya mahali pake. Ikabaki kuifundisha gari rimoti zake. Unaiamsha mashine ya rimoti iliyofungwa garini, taa kwenye dashibodi inaanza kumeta, na rimoti yoyote itakayobonyezwa hapo karibu gari inaikubali. Ile gari ya buluu nayo ilikuwa imefika hatua hiyo, mwenyewe ameenda dukani kwake. Kwa kawaida Mutugi hufundisha moja, halafu nyingine. Siku hiyo aliziamsha zote pamoja, apate nafasi ya kuongea na mgeni wake. Mwanamume akishapendeza mbele ya macho yake mwenyewe, jamani, mwacheni tu.

Wakapendana. Simu zikawa asubuhi na jioni, Mutugi akimwita mwendwa, yaani mpenzi kwa Kimeru.

"Uko wapi, mwendwa?"

"Runyenjes. Naelekea nyumbani."

"Umefunga milango?"

"Nyinyi mafundi! Hamna neno lingine tamu?"

"Hilo ndilo langu. Funga milango, mpenzi wangu."

Gari la Wambeti lilikuwa na rimoti mbili. Ya pili Wambeti aliitia doa la rangi nyekundu ya kucha, akaiweka kwenye kiganja cha Mutugi. "Ukiona gari yangu mahali popote, fungua, ingia, ningoje. Lakini usimpe mtu, Mutugi. Hii si rimoti tu." Mutugi akaapa.

Sasa njoo Mikinduri, siku ya soko. Wambeti alikuwa akimpimia mzee mmoja mbegu za mahindi aliposikia gari lake likiguruma nyuma yake. Milango ikafanya tak! ikajifunga. Akageuka. Ng'ambo ya barabara alisimama mwanamke mrefu, mtandio wa manjano umemzunguka uso mzuri ajabu, rimoti nyeusi mkononi.

"Hiyo rimoti umetoa wapi?" Wambeti aliuliza.

"Hii? Ni ya Mutugi, fundi wa Gakoromone. Unamjua? Mtu mpole huyo, ananifanyia kila kitu vizuri!"

Angeomba tu aishike, aone kama ina doa! Lakini wapi. Alirudi kwenye gari, akapiga simu.

"Mutugi, rimoti yangu iko wapi?"

"Rimoti? Aa... nimeiacha nyumbani Githongo. Kwa suruali ingine."

"Suruali ingine."

"Kweli, mpenzi. Kwa nini?"

"Muongo wewe! Nimeiona leo kwa macho yangu."

Akakata, akaizuia namba yake. Na rimoti kweli ilikuwa Githongo, kwenye suruali, mfukoni.

Mvua zikaja zikaisha. Kila asubuhi kule Embu, Wambeti alisimama dirishani na kikombe cha chai, akabonyeza, gari likawaka, milango ikafanya tak! Sauti ile ilikuwa inamuumiza. Alitamani kuachana na rimoti, atumie ufunguo kama watu wengine, lakini hakuweza. Alikuwa na hamu ya Mutugi, akajikasirikia kwa hamu hiyo. Mutugi naye kule Meru aliivaa rimoti shingoni. Gari jeupe likipita yadi, anabonyeza. Halikuwahi kuwa lile la Wambeti.

Hadi Kaha, mwenye duka la vitambaa, alipoirudisha gari yake ya buluu kwa sababu ya taa.

"Fundi, na hii rimoti yako mbona inawasha gari za watu? Mikinduri nilibonyeza niwashe yangu, ikawaka na gari nyeupe ya dada mmoja, akanikazia macho kama mwizi. Nikamtajia jina lako, akaondoka bila kwaheri."

Mutugi akaketi chini palepale, kwenye mafuta.

"Dada Kaha, taa yako nitaiangalia kesho. Leo nisamehe."

Njia za Wambeti alizijua kwa moyo. Siku hiyo ilikuwa ya soko la Gachoka, kule Mbeere. Alifika na sweta nzito ya baridi ya Githongo kwenye jua lile la Mbeere, jasho linamtiririka, akasimama ng'ambo ya kigari cheupe, akabonyeza. Gari likawaka. Wambeti aligeuka kwa hasira akitafuta mtandio wa manjano. Akaona sweta, na doa jekundu.

"Umemnyang'anya yule mrembo wako?" akauliza, lakini machozi yalishafika.

"Yule ni mteja. Gari ya buluu ile. Nilifundisha gari mbili pamoja, yako ikashika na rimoti yake. Ni makosa yangu, Wambeti. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Wambeti akafunga mdomo wa gunia la mbegu.

"Toa yake kwa gari yangu."

"Nikifuta, zinafutika zote. Yake, yako, na hii yangu."

"Futa."

Mutugi akafuta. Halafu akaiamsha mashine, taa ikaanza kumeta. Akaweka rimoti yenye doa juu ya boneti.

"Bonyeza zile unataka. Haraka, taa itazima."

Wambeti akabonyeza yake. Gari likaikubali. Akaichukua yenye doa, akaishika, akaitazama. Taa ikazima.

"Imezima," Mutugi alisema polepole.

"Nimeona." Akamrudishia. "Hiyo yako utakuja kuifundisha kwetu nyumbani, mama akiona. Na usije peke yako. Kuja na wazee wako, waseme wanataka nini."

"Lini?"

"Ukipata shati. Hiyo sweta itakuua."

Mutugi akavuka barabara bila kujua anakanyaga wapi. Huko ng'ambo akageuka, akabonyeza kwa mazoea. Gari halikuwaka. Mara simu yake ikaita, namba aliyokuwa ameitamani miezi yote hiyo.

"Umefika wapi, mwendwa?"

"Si niko hapa tu? Si unaniona?"

"Nakuona," Wambeti alisema, akipangusa macho. "Nilitaka tu kusikia ukishika simu."