Kristiana na Wageni wa Pole

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye mashamba yaliyo pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, Kristiana alifagia uwanja, akachota maji, akavaa sweta lake la mtumba na kumpitia rafiki yake Asnath. Hapo wakashika njia ya shule, midomo haipumziki.

Jumamosi moja alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa ukipeleka mahindi kwa wanunuzi wa mjini. Alijigonga kichwa, akazimia kidogo. Hospitalini walisema hakuvunjika mfupa, ila ubongo umetikisika.

"Apumzike mahali patulivu," daktari alimwambia mama yake, Otilia. "Asisome wala asikimbie kwanza."

Lakini utulivu upatikane wapi, nawe umeugua Ufipani? Habari zilipoenea, nyumba ikafurika watu waliokuja kutoa pole. Kila alipoingia mkubwa, Kristiana alijikokota kutoka kitandani, akachuchumaa na kupiga makofi ya heshima kama alivyolelewa. Na kila mgeni alitaka kusimuliwa upya alivyoanguka.

"We mtoto una kichwa cha jiwe!" shangazi yake Josefina alisema. "Mimi nilikuja na kitenge cha matanga kabisa!"

Watu wakaangua kicheko. Kristiana naye akacheka, huku kichwa kikimgonga kama mchi kwenye kinu.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Nimepona, shangazi."

Hakuwa amepona. Tena maumivu hayakumtisha kama mambo mengine. Machozi yalimtoka bila sababu. Kijiko kikianguka tu, alitaka kupiga mayowe. "Labda naingiwa na wazimu," aliwaza, akalificha wazo hilo moyoni.

Siku moja Asnath alikuja mbio kutoka shuleni, akaanza kumwimbia wimbo mpya wa timu ya netiboli, akipiga makofi.

"Nyamaza!" Kristiana alifoka. "Toka! Sitaki kukuona!"

Asnath aliweka chini karanga alizomletea, akaondoka analia. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.

Mama alimkuta Kristiana amejibanza nyuma ya kihenge cha mahindi, macho yamevimba.

"Mama, kichwa changu kimeharibika. Nimemfukuza Asnath. Mimi si yule Kristiana tena."

Mama hakumkaripia. Alimfunika kitenge, wakaenda polepole hadi zahanati kwa Nesi Rhoda.

"Shikamoo," Kristiana alisema, akianza kuchuchumaa.

"Marahaba. Kaa kwenye benchi, heshima yako nimeiona. Ukiinama kichwa kinauma?"

"Ndiyo."

"Na kelele?"

"Zinauma."

"Na hasira je?"

Kristiana alitazama sakafu, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Huna wazimu, mwanangu. Ubongo ukitikisika, hasira na machozi huja pamoja na maumivu. Ukipumzika vitapungua. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nimewaambia wote nimepona."

"Basi ndiyo maana wanakuchukulia kama mzima."

Jioni hiyo mama aliwaeleza wageni wote. Shangazi Josefina akashika mdomo. "Kumbe tulikuwa tunamtwanga mtoto kwa domo letu!"

Tangu hapo wageni hawakuacha kuja, ila walikaa nyuma ya jiko, wakapukuchua maharage ya mama kwa sauti ya chini. Mmoja mmoja aliingia, akamshika Kristiana mkono, akatoka. Shangazi alipojisahau na kupaza sauti, wenzake walimrushia maganda.

Kristiana alipopata nafuu kidogo, alikwenda mwenyewe kwa kina Asnath.

"Sikukuchukia," alimwambia. "Kichwa kiliniuma, nikaogopa kusema. Nisamehe."

"Mimi nilidhani wimbo wangu mbaya!"

"Wimbo ni mzuri. Wewe ndiye unayeimba kama chura."

Asnath alimsukuma begani, taratibu kabisa, kisha akamkaribisha ndani.

Baada ya majuma machache Nesi Rhoda alimruhusu kurudi shuleni, kwanza asubuhi tu. Siku ya kwanza aliporudi nyumbani, mama alimuuliza, "Leo unajisikiaje?"

"Kichwa hakiumi. Ila nina hasira kidogo, na sijui ya nini."

"Njoo basi uketi na hasira yako hapa, tukae wote watatu." Kristiana alicheka, akaegemea bega lake. "Umefanya vema kuniambia," mama aliendelea. "Adabu si kuficha maumivu, mwanangu. Mguu ukivunjika watu wanauona, lakini moyo na kichwa vikiumia, sharti useme. Ukisema ukweli, wanaokupenda watajua namna ya kukusaidia."