Wenyewe wa Dar Lamrini

Maji yalikuwa yakitiririka katika chemchemi ya uani, na chemchemi hiyo ilikuwa kavu tangu enzi za mababu.

Ghita aliyasikia mchana, watu wa nyumbani wakiwa wamejilaza, akashika tumbo. Alingoja mimba miaka mpaka akakata tamaa, na sasa mtoto alikuwa ameanza kucheza. Hakuomba kitu kingine duniani.

Jumba hilo la Fes, Dar Lamrini, lenye kuta za vigae na dari za mwerezi uliochongwa, lilikuwa la tajiri mfanyabiashara wa ngozi, likawa la hakimu Mfaransa, kisha la warithi waliogombana hadi wakaliuza kwa bei ya kutupa. Abdelhak, mumewe Ghita, alijiona mjanja kulipata.

Siku ya kuhamia, mama yake Abdelhak, Lalla Zhor, alipika kuskusi ya nyama bila chumvi, akaweka sahani kila pembe kwa ajili ya majini wa nyumba. Chumvi hawaigusi. Abdelhak akaona nyama nzuri inapotea bure. Akainyunyizia chumvi kisirisiri ili baadaye iliwe na mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba.

"Ulitia chumvi?" Lalla Zhor alinong'ona, maji yakizidi kuvuma.

"Kidogo tu, mama. Nyama yote ile waachiwe paka?"

"Umewaalika wenyewe wa nyumba, ukawalisha sumu! Punda wee!"

Ndipo ikaja harufu ya ngozi mbichi, ikapanda kutoka mferejini, ikakwea ngazi, ikaingia hadi kwenye mto wa Ghita, na pamoja nayo sauti ya watu wengi wanaotafuna, wanatema, wanatafuna tena, karibu kabisa na tumbo lake, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Mpunga pepo aliletwa. Alifukiza ubani, akasikiliza ukutani, kisha akakusanya vitu vyake haraka.

"Jogoo wa kafara hawamtaki," alisema bila kumtazama Ghita. "Ondokeni leo hii."

Wakaondoka. Ghita alipovuka kizingiti, mtoto alinyamaza. Alifika kwenye kona ya kichochoro akijipapasa na kumwita, tumbo likawa baridi, zito, halina mtu. Akageuka mbio. Mguu wake ulipokanyaga ndani tu, mtoto akapiga teke.

"Ghita, toka, nakusihi!" Abdelhak alilia akiwa nje.

"Nenda wewe, bwana wangu. Mtoto huyu ana wenyewe."

Akafunga lango.