Niliogopa Jibu la Chuo Kikuu, Rafiki Akalisoma kwa Niaba Yangu

Nina miaka ishirini na mitano. Naishi Sydenham, hapa Durban, na mama yangu ambaye ni msusi. Nina diploma ya biashara ya chuo cha kati, na kazi yangu ni kuandika hesabu za duka moja la simu mjini. Mkinipita njiani hamtaona cha ajabu kwangu... Lakini kuna nafasi moja ya chuo kikuu iliyotolewa kwa jina langu, na aliyeikalia ni mtu mwingine. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa mawazo. Kabla ya kutuma ujumbe mfupi nausoma mara kumi. Nikishautuma, naanza kujiuliza kwa nini niliutuma. Mama husema, "Asifiwe, wewe unaweza kuwaza mpaka maji yachemke bila moto." Tulicheka sana juu ya hilo zamani. Siku hizi hatucheki.

Nilipomaliza shule, alama zangu za hesabu zilikuwa pungufu kidogo tu. Chuo kikuu nilichokitamani, kile cha kule juu kwenye miti mingi, kilinikataa. Lakini nikasikia kwamba kina njia ya pili. Mtu anaweza kusoma chuo cha kati, akafaulu vizuri, kisha akaomba kuhamia mwaka wa pili wa digrii ya biashara na uhasibu. Nafasi hizo ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na unaruhusiwa kuomba mara moja tu!

Nikanunua daftari lenye jalada la bluu. Humo niliandika kila kitu: alama ninazohitaji, barua za walimu, mihuri ya kila somo ili masomo yangu yatambuliwe. Niliandika pia hofu zangu. Je, wakiona karatasi zangu za ukimbizi? Je, muhuri ukififia? Je, mwalimu akikosea jina langu? Kwa miaka miwili daftari hilo lililala chini ya mto wangu.

Sikuwa peke yangu katika safari hiyo. Nilikuwa na Solange.

Solange ni Mkongo kama mimi. Tulikaa dawati moja chuoni na tuliimba kwaya moja kanisani. Mama yangu alimsuka bure tangu tuna miaka kumi na mitano, naye alimwita "Maman" kama mimi. Nilimfundisha uhasibu, yeye akanifundisha kucheka. Tuliomba nafasi hizo pamoja, siku moja, kwenye laptopu yake. Nilimwonyesha hata daftari la bluu... Nani angemficha dada yake?

Baada ya kutuma maombi, nikaanza kuugua. Chuo kile hakipigi simu. Jibu huja kwa barua pepe na kwenye ukurasa wako wa maombi. Nilikuwa naufungua ukurasa huo mara arobaini kwa siku! Siku moja nililia ndani ya taksi kwa sababu ya barua pepe ya tangazo la magodoro.

Solange akaniambia, "Asi, ma chérie, hii kitu itakumaliza. Angalia uso yako, imekuwa uso ya mtu wa hôpital! Nipe neno la siri. Futa barua pepe kwa simu yako. Miye nitakuwa naangalia kwa ajili ya sisi wawili. Siku ile jibu itakuja, utasikia kigelegele yangu mpaka Bluff, ng'ambo ya bandari!"

Nilicheka, nikampa. Wasomaji wenzangu, nilimpa kwa mkono wangu, niliandika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi! Na usiku ule nililala kama mtoto. Nilidhani nimepumzika. Kumbe nilikuwa nimeyatoa macho yangu nikamkabidhi mtu mwingine.

Kila jioni nilimuuliza. Kila jioni alijibu, "Iko bado."

Wiki zikapita. Siku yake ya kuzaliwa ikafika, nikaenda kwao kumpikia. Nilisimama jikoni nikikaanga maandazi anayoyapenda, yale yenye iliki nyingi. Yeye alikuwa amelala kitandani na laptopu yake, mlango ukiwa wazi, hatua tatu kutoka kwangu. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Rien, hakuna kitu. Ni video tu. Leta andazi, njaa inaniua." Nikampelekea la moto kwenye sahani. Akala akiniangalia usoni.

Siku nne baadaye alikuja saluni kwa mama, nilikokuwa nikisaidia, akilia. Akanikumbatia mbele ya wateja. "Wamekukatala, Asi. Na miye wamenipokea... Sijui hata nifurahi namna gani!"

Nililia mpaka sauti ikakauka. Yeye ndiye aliyenipangusa machozi. Ukurasa wangu sikuufungua tena; sikutaka kulisoma jibu lile kwa macho yangu. Mama alizima redio na kukaa sakafuni na mimi, akisema Mungu hafungi mlango bila sababu.

Jumapili iliyofuata kanisa lilimfanyia Solange ibada ya shukrani, nami nikaombwa niongoze wimbo. Niliongoza! Mama alipika sombe, majani ya muhogo, ya watu wote. Kisha akafungua sanduku lake akatoa kitenge cha manjano alichokibeba kutoka kwetu Uvira, Kongo, akakihifadhi miaka yote ili nikivae siku ya digrii yangu. Akamfunga Solange kiunoni mbele ya kanisa zima. "Nyinyi wote ni watoto wangu," alisema.

Sikumwonea wivu. Nawaapia. Nilijionea hasira mimi. Mwaka mzima niliandika kwenye daftari sababu zinazoweza kuwafanya wanikatae. Muhuri? Alama ya takwimu? Ile koma niliyoisahau kwenye barua? Nilijaza kurasa thelathini. Mwisho nikaona nitapata wazimu. Nikapanda taksi mpaka ofisi ya wanafunzi ya chuo kikuu kile, niombe waniambie sababu moja tu, hata ikiwa mbaya, nipumzike.

Mama mmoja wa Kizulu aliandika namba yangu kwenye kompyuta. Akatazama kioo. Akanitazama mimi. Akatazama kioo tena.

"Eish, sisi," akasema, yaani dada kwa Kizulu. "Wewe hukukataliwa. Tulikupa nafasi. Wewe ndiye uliyeikataa."

Nikamwambia haiwezekani. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Jina langu lilikuwepo. Neno "amekataa" lilikuwepo. Na pembeni yake palikuwa na tarehe na saa: siku ya kuzaliwa ya Solange, saa nane na dakika kumi na mbili mchana.

Saa nane mchana... nilikuwa jikoni. Mafuta yalikuwa yanachemka!

Nilimuuliza kama naweza kurudishiwa. Alisema kwa huruma kwamba nafasi ilikwenda kwa aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kungoja, na kwamba anayekataa nafasi ya kuhamia hapewi tena. Nikamwambia kuna mtu aliyekuwa na neno langu la siri. Akaniuliza, "Alikuibia?" Nikamwambia hapana, nilimpa mwenyewe. Ningesema nini? "Basi, sisi," akasema, "kwa kompyuta hii aliyebonyeza ni wewe." Akanichapia ukurasa ule kwenye karatasi. Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kungoja hakunitajia, lakini kulikuwa na haja gani ya kutajiwa?

Nilimkuta Solange nje ya maktaba, amekaa kwenye benchi na wasichana watatu wenye mikoba mizuri. Mmoja wao akamuuliza kwa Kiingereza mimi ni nani. Akajibu bila kupepesa, "Ni binti wa mama anayenisuka." Basi. Miaka yote ile ikawa sentensi moja!

Akanivuta pembeni. Nilimwonyesha karatasi. Nilitegemea akane, alie, aanguke magotini. Katika mawazo yangu yote sikuwa nimejiandaa kwa utulivu wake.

"Uliogopa hata kuangalia," aliniambia. "Mtu mwenye anataka kitu anaangalia, Asi. Miye nilikuwa nafungua ukurasa yako kila siku, na yangu inasema ngoja, ngoja, ngoja. Yako ikakubaliwa, na wewe uko unakaanga maandazi. Ungefika hapa ungefanya nini? Ungewaza mpaka wakufukuze. Ile nafasi ilitaka mtu."

Nikamuuliza kama hakuogopa Mungu. Akarekebisha mkoba wake begani. "Nenda useme. Nani atakuamini? Karatasi yako mwenyewe inasema ni wewe."

Nilisema. Nilimwambia mama, naye akampelekea mchungaji habari. Tukaitwa kikao siku ya Jumamosi: mimi na mama, Solange na wazazi wake, na wazee wawili wa kanisa. Nikatoa karatasi yangu. Mchungaji akaisoma kwa sauti, polepole, kisha akauliza, "Binti yangu, hapa si panasema wewe mwenyewe ulikataa?"

Solange alianza kulia. Machozi yaleyale ya saluni! Alisema amenivumilia muda mrefu. Alisema mimi ni mgonjwa wa mawazo, na kwamba huenda nilibonyeza mwenyewe kwa woga, nikasahau, nikatafuta wa kumlaumu. Kisha akamgeukia mama yangu kwa upole. "Maman, ana daftari ya bluu. Iko chini ya mto. Muiangalie."

Mzee mmoja alipelekwa kwa gari mpaka nyumbani kwetu, akalileta. Wakalifungua mezani. Kurasa thelathini za hofu... maneno yaleyale yamerudiwa mpaka kalamu imetoboa karatasi. "Ni mimi niliyeharibu. Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi." Mwandiko wangu!

Mchungaji akavua miwani. Akatangaza kwamba nisipigiwe kelele, niombewe, maana roho ya wivu imekaa ndani yangu. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani. Mkono mmoja niliujua bila kufungua macho, kwa sababu unanukia mafuta ya nywele. Mchungaji akakemea kwa nguvu. Na nikasikia sauti ya mama yangu, karibu kabisa na sikio langu, ikisema, "Amina."

Nimepoteza nafasi, nimepoteza rafiki. Lakini ile "Amina" ndiyo inayoniamsha mpaka leo.

Sikusema tena. Nilichukua diploma yangu, nikapata kazi ya dukani. Solange alisonga mbele mwaka hadi mwaka. Mwezi uliopita alikuja saluni asukwe kwa ajili ya mahafali yake. Mama alikataa kupokea pesa, akasema mtoto hamlipi mama yake. Mama alikuwa na haraka, akaniita nimsaidie kutenganisha rasta. Nikasimama nyuma ya kile kiti kwa saa tano, nikimpa mama fungu moja baada ya jingine. Kitenge cha manjano kilikuwa kimekunjwa magotini mwa Solange. Atakivaa chini ya joho.

Alinitazama kwenye kioo. "Asi, mawazo imepunguka kidogo?"

"Imepungua," nikamjibu.

"Bwana asifiwe," akasema mama.

Wasomaji wenzangu, mtasema nisamehe. Labda. Mtasema nitafute njia nyingine. Nimeandika njia nyingine sita, na kila moja nimeiwaza mpaka imekufa. Siwaletei hadithi ya mtu aliyeshinda. Nawaletea onyo.

Mdogo wangu unayesoma haya, unayengoja jibu la chuo, la kazi au la vipimo: woga haukabidhiwi mtu! Hata awe pacha wako, hata muwe mmelia pamoja. Jibu lako lifungue kwa mkono wako mwenyewe, hata ukiogopa, ukilia ukipenda. Likiwa baya litakuumiza siku kadhaa. Likisomwa na mwingine, hutajua kamwe kwamba lilikuwa zuri.

Mimi nimepona ule woga. Barua pepe nimeirudisha kwenye simu, na kila asubuhi naifungua kabla ya kunywa chai, moyo ukiwa umetulia kabisa. Huwa ni matangazo ya magodoro.