Mshubiri Ulioomba Maji

"Naomba maji ya kunywa, tafadhali."

Aliyesema hayo hakuwa mtu. Ulikuwa mshubiri, umekaa ndani ya kopo juu ya kabati la Mzee Singano, na sauti yake ilikuwa na adabu ya binti wa Tanga aliyelelewa akaleleka. Siku Mhandisi Sikudhani Mhina alipoisikia kwa mara ya kwanza aliruka kwa furaha, akasahau kwamba Mwezini mtu ni mwepesi, kichwa kikagonga dari. Wala hakujali. Miaka minne alikihangaikia kifaa kile: kibanio kidogo kuliko ukucha, kinachobana ukingo wa jani, kikasoma umeme mwembamba unaopita ndani yake, kisha kikaugeuza kuwa maneno. Alikiita kisemamea.

Mji wa Ng'ambo ulijengwa ndani ya pango kubwa chini ya uso wa Mwezi. Hewa yake ilitengenezwa na mitambo iliyoitwa mapafu-mji, kwa hiyo mimea haikuhitajika ili watu wapumue. Sikudhani hakulificha hilo. "Hewa ya kopo moja haimtoshi hata kuku," aliwaambia wakuu wa mji waziwazi. Alichotaka ni kingine. Watu walikuwa wakiamka kwenye kuta za kijivu na kulala kwenye kuta za kijivu, na zahanati ilijaa wagonjwa wasio na homa wala kidonda, wamechoka tu. Aliamini jani moja la kijani ndani ya nyumba lingewafaa. Wakuu wakampa nyumba arobaini na miezi mitatu. Baada ya hapo mkaguzi angeamua kama mimea ibaki au ing'olewe, maana maji yake yalitoka kwenye mgao wa watu.

Sasa ilibaki siku moja, na mimea ilikuwa inakufa. Thelathini na mmoja kati ya arobaini ilikuwa imelegea na kuoza shina. Sikudhani alikaribia kulia. Mshubiri aliuchagua yeye mwenyewe kwa sababu huvumilia ukame kuliko mimea mingi!

Aliyemtia hofu zaidi ni Mzee Singano, mpasua miamba mstaafu. Tangu mkewe afariki, miaka miwili iliyopita, alikuwa amejifungia, hapokei mgeni, anajibu salamu kwa kikohozi. Mshubiri ukitolewa, nani tena angemsemesha? Kwa hiyo asubuhi ile Sikudhani alikwenda kukaa sebuleni kwake, aone kwa macho yake kisemamea kinakosea wapi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Leo anaomba tangu alfajiri, masikini."

Kabla hajakaa vizuri, mshubiri ukaomba tena. Milango ya Ng'ambo ni ya wavu ili hewa ipite, na sauti nayo hupita. Dakika haikwisha, hodi ikapigwa. Aliingia Bi Mwanahawa, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ameshika chupa yake ya mgao.

"Nimesikia mtu anaomba maji."

"Ni mmea, Bi Mwanahawa," Sikudhani akasema.

"Najua ni mmea. Sasa mmea si kiumbe? Mwenye kuomba maji hanyimwi, hata awe adui yako." Akamimina. Maji ya Mwezini hayana haraka, yalishuka polepole yakatua kwenye udongo uliokwisha kuwa tope. Kisha akaketi, akamsimulia mzee habari za harusi ya mpwa wake, na mzee akacheka mpaka akashika mbavu.

Akaja mwingine. Akaja wa tatu, akaambiwa kwamba mmea umekwisha kunywa, lakini aliona haya kuondoka na chupa yake bila kutoa kitu, naye akaongeza kidogo. Hadi saa sita walipita watu kumi na wawili.

Sikudhani alipiga paja. Kumbe! Kifaa hakikukosea hata kidogo. Kilisoma kiu ya jani, hakikupima udongo. Mizizi iliyozama majini huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kufyonza maji, basi jani hubaki na kiu huku shina linaogelea. Kadiri ulivyopewa ndivyo ulivyoomba, na kadiri ulivyoomba ndivyo ulivyopewa. Ukarimu wa majirani ndio uliouua. Alifurahi kuujua ugonjwa, kisha akakumbuka kesho, furaha ikamwisha.

Kesho yake mkaguzi, Bwana Lukelo, alianzia nyumba hiyohiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliubonyeza mshubiri, kidole kikazama.

"Umeoza, mhandisi. Na umekula mgao wa watu. Una faida gani?"

Sikudhani alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Ikampotea yote.

"Mzee huyu hakuwa anapokea wageni," akasema. "Jana nimehesabu kumi na wawili."

"Nimetumwa kukagua mimea, sikutumwa kukagua wageni. Nitaandika ing'olewe."

Mzee Singano aliinamisha kichwa. Mkaguzi akaandika kwenye ubao wake, akageuka kuondoka.

"Naomba maji ya kunywa, tafadhali."

Mkono wa Lukelo ulitangulia. Alikwisha kufungua chupa yake, akamimina nusu nzima, ndipo akatambua alichofanya. Sikudhani aliziba mdomo asicheke, lakini mzee hakujizuia hata kidogo.

"Nyumbani kwangu," Lukelo akasema taratibu, "mashine inapika, nyingine inafua, nyingine inanipa dawa. Zote zinanipa. Miaka sita sijaombwa kitu na yeyote." "Nilikuwa sijui kwamba nina upweke."

Aliuchukua ubao wake wa kuandikia, akafuta alichoandika. "Mimea ibaki. Lakini itafutiwe dawa ya kuoza."

"Dawa ninayo!" Sikudhani nusura agonge dari tena. "Machipukizi mazima nayahamishia kwenye mchanga mkavu leo hii. Na kisemamea nitakipa kipimo cha udongo. Udongo ukilowa kitasema, nimeshiba, ahsanteni."

Mkaguzi alikunja uso. "Majirani wakisikia ameshiba, si hawatakuja tena?"

Mzee Singano akamtazama kama anayemwonea huruma. "Bwana mkaguzi, mgeni akikuta mwenyeji ameshiba, anaondoka? Anakaa, watu wakaongea."

Akajisogeza kwenye mkeka kumpa nafasi. Nyumba thelathini na tisa zilikuwa zinamngoja Lukelo. Aliangalia saa, akavua viatu.