Sauti Upande wa Ukuta

"Izungushe tena, Mawingu. Polepole."

Msichana aliishika diski ya breki kwa viganja viwili, akaisukuma. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limevuliwa, na gari lilikaa juu ya stendi za chuma. Diski ilizunguka kimya, na jua la alasiri likateleza juu yake kama maji.

Shangazi yake, fundi wa magari, alifumba macho, kiganja juu ya chuma, asikilize kwa mkono. "Laini," akasema. "Pedi za breki ni nene, diski haina alama. Ajabu hii."

Mawingu aliinamisha kichwa. Kwake haikuwa ajabu.

Mchana ule baba yake alilileta gari likikwaruza. Kesho yake, saa tisa alasiri, Bibi alitakiwa hospitali ya macho, mwendo wa saa mbili kwenye barabara ya mteremko mrefu. Nafasi ya kupasuliwa jicho alikuwa ameingoja miezi mitano. Shangazi alikuwa akisikia kwa sikio moja tu, na sikio moja hujua kwamba kuna sauti, lakini halijui imetoka upande gani. Ndiyo maana, walipokwenda kulijaribu gari barabarani, alimkalisha Mawingu kiti cha nyuma, akamwambia, "Niazime masikio yako."

Mawingu alisikiliza, kwa muda. Kisha mkwaruzo ukageuka kinu cha kusaga kichwani mwake. Akaiona barabara ikiingia nzima chini ya gari na kutoka ikiwa unga mweupe, unga ukipanda taratibu hadi juu ya mapaa. Alipozinduka, gari lilikuwa limesimama na wote wanamtazama.

"Upande gani?" Shangazi aliuliza.

Hakutaka kuchekwa tena kwa kuota mchana. "Kushoto," akajibu.

Sasa Shangazi aliokota nyundo. "Breki za huku ni nzima. Basi itakuwa beringi, ile gololi za katikati ya gurudumu. Likiwa hewani gurudumu halina mzigo, beringi mbovu huweza kunyamaza. Kulia nimechungulia, pedi ya nje ni nene. Na mwenye masikio amesema kushoto."

"Ukishaitoa?" Baba aliuliza.

"Ikitoka imeharibika, kaka. Hairudi. Mpya tutaitafuta kesho, tukiipata."

"Harakisheni, wanangu," Bibi alisema kutoka kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, alichokalia kama malkia. "Nimechoka kuona watu nusunusu. Wewe hapo nakuona mabega tu, sijui kichwa umekiacha wapi."

Baba alicheka. Nyundo ikainuliwa.

"Shangazi, usigonge!" Sauti ya Mawingu ilitoka nyembamba. "Upande sikuusikia. Nilikuwa mbali. Nilikisia tu."

"Umekisia?" Baba alishika kiuno. "Saa nzima tunahangaika hapa, kumbe umekisia?"

"Mke mwenzangu," Bibi akamtania mjukuu wake, "yaani ulilala macho wazi?"

Shangazi aliweka nyundo chini, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa mbali wapi?"

"Kwenye kinu. Sauti ilikuwa kama kinu."

"Kinasaga mfululizo, au kinapumzika?"

Mawingu alifikiri. "Kinapumzika kidogo, kisha kinarudi. Kadiri gari linavyokimbia, ndivyo kinavyorudi haraka."

"Hilo umelisikia au umelikisia?"

"Nimelisikia, Shangazi."

"Basi ni kitu kinachozunguka na gurudumu. Tuanze upya."

Walirudisha gurudumu. Baba aliendesha taratibu kando ya ukuta mrefu wa ghala, madirisha wazi, kwa sababu ukuta huirudisha sauti. Kwanza ukuta ulikuwa kushoto. Mawingu aliusikiliza kwa mwili mzima. Kinu kilisikika kwa mbali. Wakageuza, ukuta ukawa kulia, na mkwaruzo ukarudi mkavu, karibu na shavu lake. Baba alipogusa breki, ukakua.

"Kulia. Mbele," alisema. "Na breki inauzidisha."

Shangazi alifungua gurudumu la kulia. Pedi ya nje ilikuwa nene, kama alivyoona alipochungulia. Ya ndani ilikuwa imekwisha. Chuma kitupu kilikuwa kikikwaruza diski na kuichora mistari, kwa sababu pini za breki zilikuwa zimekwama kwa kutu. Baba aliitazama kwa muda, akiufikiria ule mteremko. Hakusema tena habari ya saa iliyopotea.

Jua lilikuwa likizama na duka la vipuri limefungwa. Shangazi na Mawingu walisugua pini hadi zikateleza, wakazipaka grisi na kuzifunika.

"Mawingu," Shangazi alisema, "kuota si kosa. Kinu chako kimetusaidia. Kosa lilikuwa kulivika kisio nguo za ukweli. Ungesema 'sijui', tungezunguka mara ya pili, basi. Anayesema 'sijui' huwaacha wenzake waendelee kutafuta."

"Nimesikia, Shangazi. Nisamehe. Na wewe, Baba."

Baba alimpapasa kichwa. Bibi akainuka polepole, akamshika bega.

"Haya, mke mwenzangu. Kesho nitakwenda, au sitakwenda?"

Mawingu alilitazama gari, gurudumu moja likiwa limevuliwa, diski na pedi zikingoja kubadilishwa.

"Sijui bado, Bibi. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi. Tukipata vipuri, tutafunga, tutapita ukutani, tutasikiliza. Hapo nitakujibu."

"Jibu hilo," Bibi alisema, akijifunga vizuri khanga yake, "naweza kulilalia usingizi."