Ndimu Katika Kichuri cha Bingwa

Maiti ilikuwa inakoroma.

Inspekta Wankyo alisimama mlangoni akasikiliza tena, asije akamsingizia marehemu. Hapana. Yalikuwa makoromo kamili, ya kupanda na kushuka, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Uani, akina mama wa mtaa wa Manyamanyama walikuwa wamelia mpaka sauti zimewakauka. Vijana wawili walikuwa wanashusha turubai, na mzee mmoja alikuwa ameshauliza atachinjwa ng'ombe yupi.

"Nani alisema huyu amekufa?" aliuliza Inspekta.

"Jirani, afande," alijibu Koplo Dotto. "Alimtikisa mara tatu, hakuamka. Akapiga yowe. Na ukishapiga yowe hapa Bunda, huwezi tena kusema samahani, nilikosea."

Aliyelala sakafuni, kati ya kochi na meza, alikuwa Machage, miaka arobaini na saba, bingwa wa ngumi wa mkoa kwa miaka kumi na miwili. Saa kumi jioni ya Jumamosi hiyo alitakiwa awe ulingoni Musoma, apambane na Gody, kijana wa miaka ishirini na minne anayecheza ule mchezo mseto wa ngumi, mateke na kukabana. Mkoa mzima ulikuwa unabishana: ngumi za mzee au mateke ya mtoto? Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi, mzee alikuwa anapigana na usingizi, na usingizi ulikuwa unaongoza kwa pointi.

Daktari Benjamini alimpima mapigo, akamfunua kope, akamulika tochi.

"Dawa ya usingizi," alisema. "Kiasi cha kumlaza, si cha kumuua. Ataamka. Lakini njoo uone hili jicho la kulia. Namulika, mboni haishtuki hata kidogo."

"Maana yake?"

"Limekufa siku nyingi. Na nyuma yake pako vibaya. Akipigwa kichwa tena, anaweza kupoteza na hilo la pili. Au asiamke kabisa."

"Na alikuwa anapanda ulingoni leo!"

"Kwa hiyo aliyemlaza," alisema daktari akifunga mkoba, "sijui nimshitaki au nimpe mkono."

Walimbeba Machage hospitali. Turubai likarudishwa kwenye mkokoteni, na yule mzee wa ng'ombe akaondoka amenuna.

Uani watu walishapata mkosaji. "Ni mke!" walinong'ona, kwa ule mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani. Bhoke, mke wa Machage, alikuwa ameketi jikoni, mikono mapajani.

"Mama, asubuhi ulimpa nini?"

"Kichuri. Siku ya pambano anakunywaga kikombe kimoja kabla hajala kitu."

Kichuri ni supu ya nyama inayopikwa na ule uchungu wenyewe wa tumboni mwa ng'ombe. Ukikipenda, utakisifu mpaka wageni wakuogope. Usipokipenda, utadhani umelamba betri ya tochi.

"Nani alikishika zaidi yako?"

"Nilikiweka mezani kipoe, nikafunika na kisosi, nikaenda kukamua. Mzee alikuwa anaoga. Huku nyuma wageni walikuja kumtakia heri, wananisalimia zizini, wanaingia ndani mmoja mmoja. Mhoja, kocha wake. Boniphace, mwandaaji wa pambano. Na Gody."

"Gody? Mpinzani mwenyewe?"

"Si alikuja kusalimia! Mtoto ana adabu. Kaleta sato wawili, hao kwenye beseni. Ningemfukuza?"

"Ulijua kuhusu jicho?"

Bhoke alipangusa uso kwa kanga.

"Najua. Nikisimama kulia kwake ananikanyagaga. Kwenye kupimwa alikariri ubao wote wa herufi. Nilimkaririsha mimi, afande. Usiku na mchana, kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Basi una sababu ya kumlaza kuliko mtu yeyote."

"Ninayo. Na ningekuwa na akili ningefanya! Lakini si mimi. Mimi nilikuwa naomba mvua tu. Inyeshe, uwanja ujae maji, waahirishe."

Inspekta alivaa glavu, akainua kikombe cha bati. Chini kulikuwa na mabaki ya unga mweupe na kitu kidogo kilichong'ang'ania ukingo. Akakitoa kwa kibanio, akakiinua kwenye mwanga.

"Mbegu ya ndimu," alisema.

"Ndimu?" Bhoke alisimama. Shutuma ya sumu aliivumilia, lakini hii ilimshinda. "Ndimu kwenye kichuri? Afande, unanitukana nyumbani kwangu! Humu ndani sina hata ndimu moja. Kagua!"

Inspekta alikagua. Kweli, haikuwepo. Aliweka mbegu na kikombe kwenye mifuko ya vielelezo, akawaangalia wale sato kwenye beseni kwa muda mrefu kuliko sato wanavyostahili.

Njiani Dotto alishindwa kuvumilia. "Afande, wewe ni mtu wa Kisorya. Wa samaki. Nieleze."

"Dotto, vidonge vya usingizi ni vichungu. Wewe ungevificha wapi?"

"Kwenye kichuri! Pale uchungu hauulizwi unatoka wapi."

"Kwa sababu wewe umekulia kwenye kichuri. Huyu mtu alisaga vidonge, akatia, kisha akaonja tone kwenye kidole. Akashtuka. Akadhani uchungu ule wote ni wa vidonge vyake. Akakamulia ndimu kuupunguza."

Dotto aligonga usukani. "Maskini! Kumbe ulikuwa uchungu wa kawaida!"

"Kwa hiyo tunamtafuta mtu ambaye hajawahi kunywa kichuri maishani. Mhoja?"

"Anakinywa hapo kwa Bhoke miaka ishirini. Anaramba na bakuli."

"Boniphace ni mtu wa Butiama. Twende tukamuulize."

Boniphace walimkuta Butiama, kwenye ofisi yake yenye mabango hadi dirishani. Alikuwa anatoka jasho kama yeye ndiye anayepanda ulingoni.

"Unakunywa kichuri?" aliuliza Inspekta.

"Swali gani hilo, afande? Hata leo niliomba kikombe, Bhoke akaninyima. Akasema cha bingwa ni cha bingwa."

"Ulimlaza Machage?"

"Mimi? Watu wanatoka mpaka Tarime! Akilala yeye, nazikwa mimi."

"Jana mlipima uzito hapahapa. Kuna picha?"

Kulikuwa na klipu kwenye simu. Inspekta aliitazama mara tatu. Machage na Gody wamesimama uso kwa uso, watu wanapiga kelele. Gody ananyoosha ngumi ya salamu, upande wa kulia wa mzee. Mzee hana habari. Anatazama mbele, amekaza taya. Ngumi ya kijana inaning'inia hewani. Tabasamu linamtoka. Kisha polepole anaihamisha kushoto, na hapo mzee anaigonga haraka, kama vile alikuwa anaisubiri siku zote.

"Ameona," alisema Inspekta.

"Ameona nini?" aliuliza Boniphace.

Simu ya Inspekta iliita. Ni Daktari Benjamini, na nyuma yake kulikuwa na kishindo cha vitu kuanguka.

"Ameamka! Anataka bukta yake. Anasema atafika Musoma hata kwa baiskeli. Namwambia jicho, ananiuliza jicho gani!"

Boniphace aliruka. "Anasimama? Basi anapigana! Mkataba unasema akisimama anapigana. Na Gody akijitoa, nina jamaa wa Mwanza anasubiri zamu, yule hapigi mtu, anachimba kaburi."

Ilikuwa saa saba. Inspekta alimwangalia Dotto, Dotto akaangalia ufunguo wa gari. Waliondoka mbio kwenda Musoma.

Gody alikuwa kwenye chumba cha kuvalia, anazungusha bega. Alipoona sare alisimama wima.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Kibara."

"Unakunywa kichuri?"

Kijana alikunja uso kabla hajajizuia. Uso ule ulikuwa ushahidi tosha, ingawa hauwezi kuingia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Leo umempelekea Mama Bhoke sato wawili. Wazuri. Ndimu zao ziko wapi?"

"Ndimu?"

"Mimi ni wa Kisorya, Gody. Sisi watu wa ziwani hatupelekei mtu samaki mikono mitupu. Sato ana ndimu zake kama bibi harusi ana somo. Ungempelekea mama yangu sato bila ndimu, angekurudisha naye. Zilikwenda wapi?"

Gody alitupia jicho begi lake chini ya benchi.

"Fungua begi."

Ndani ya begi kulikuwa na kinga ya meno, taulo, na kibahasha cha dawa kimeandikwa jina lake: kimoja, usiku. Alikuwa ameumia bega mwezi uliopita, akapewa dawa ya usingizi ambayo hakuimeza. Vidonge kumi, vimebaki sita.

"Si lazima useme neno," alisema Inspekta. "Ukisema, litaandikwa na litatumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nasema." Aliketi kwenye benchi. "Niliweka vinne. Nilionja, afande, nikaona nimemuua kwa uchungu! Nikakamua ndimu. Zote tatu. Bado."

Dotto aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Kwa nini?"

"Jana sikuamini. Mimi nimemnyooshea mkono, mzee ananiangalia kama ukuta. Nikajua. Yule mtu, nikiwa darasa la tano, alikuja Kibara kuonyesha ngumi, akaniachia glavu zake. Nilizilalia kama mto miaka miwili. Leo nimpige teke la kichwa upande asiouona?"

"Ungejitoa."

"Nikijitoa Boniphace anamleta yule wa Mwanza. Yule akijua jicho ni bovu ndiyo anapiga hapohapo."

"Ungesema ukweli."

"Nimseme mzee mbele ya mkoa mzima kwamba ni kipofu? Ningekuwa nimemvua nguo. Nikaona bora alale. Mtu akilala, hajakimbia."

Inspekta aliandika maelezo yote. Saa nane na nusu alitangaza kwamba pambano limesimama kwa sababu mpiganaji amewekewa dawa na kuna cheti cha daktari. Boniphace alizomewa na watu wa mpaka Tarime.

Saa tisa, kwenye kituo cha polisi cha Musoma, mlango ulifunguka kwa kishindo. Machage aliingia na bukta, viganja vimeshafungwa bandeji, plasta ya sindano mkononi. Bhoke alikuwa nyuma yake na chupa ya chai.

"Yuko wapi aliyenilaza?"

Gody alisimama. "Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Machage alimsogelea. Maaskari wawili walijiandaa, bila haraka yoyote. "Mura, kijana wangu, ulinitilia dawa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ndimu?"

"Na ndimu."

"Dawa nimekusamehe," alisema bingwa. "Ndimu, hapana. Nilisema leo kichuri kina nini, nikadhani Bhoke amezeeka!"

"Jalada haliwezi kuchanwa," alisema Inspekta. "Kumtilia mtu dawa ni kosa, hata kama ni kwa mapenzi. Mahakama itasikia yote. Leo anaweza kupata dhamana akipata mdhamini."

"Lete kalamu."

"Mzee, wewe ndiye mlalamikaji."

"Nani kalalamika? Mimi nimelala vizuri."

Ilibidi waende kuuliza kwa mkuu wa kituo, ambaye alicheka kwanza, akakataa pili. Mwishowe Mhoja, kocha, aliyekuja nao, ndiye aliyeweka sahihi, na Machage akashika karatasi isipeperuke. Bhoke alifungua chupa. Haikuwa chai. Alimimina kikombe, akampa Gody.

"Kunywa. Kikavu hivyohivyo, bila ndimu."

Kijana alikunywa. Macho yalimtoka, shingo ikakaza, kituo kizima kikamshangilia kama ameangusha mtu. Bhoke akamimina cha pili, akamgeukia Inspekta.

"Niko kazini, mama," alisema Inspekta Wankyo, akarudi nyuma hatua mbili.

Machage aliketi kwenye benchi, akaanza kufungua bandeji za mikononi, mzunguko mmoja mmoja. Alipumua kama mtu aliyetua gunia la pamba.

"Nyinyi hamjui," alisema. "Wiki nzima nilikuwa naomba mvua."

"Na wewe?" alisema Bhoke.

Alikuwa ameketi kulia kwake, upande usioona. Na Machage, mbele ya maaskari wote, akageuza kichwa chote kumtafuta, mpaka akampata.