Bustani Iliyogeuka Ukuta

Kila jioni Sheila akitoka shuleni hapo Kosele, alivua sare na kwenda kumwagilia miche ya sukuma wiki ya mama yake. Mwaka huo mahindi yalinyauka yote. Mama alikuwa amelazwa hospitalini kwa malaria, na mboga hizo tu ndizo zilizobaki za kuwalisha Sheila na mdogo wake. Tena udongo wenyewe ulikuwa wa mfinyanzi, mweusi: mvua ikinyesha maji yanatuama, jua likiwaka unapasuka.

Siku moja darasani Mwalimu Ombui alitikisa udongo na maji ndani ya chupa. Ulipotulia, mchanga ulikaa chini, kisha tope laini, na mfinyanzi juu. "Udongo mzuri una vyote vitatu," alisema.

Sheila alijaribu nyumbani. Chupa yake ilijaa mfinyanzi. Akaamua kwamba dawa ni mchanga, basi akaanza kuusomba kutoka kijitoni.

"Si ungoje mamako?" jirani yao Obare alimuuliza. "Ama unajenga nyumba?"

"Cheka tu. Utakuja kuniomba mboga."

Aling'oa miche, akachanganya mchanga bustani nzima, akaipanda tena. Mvua ilinyesha mara moja, kisha jua likawaka. Ardhi ikawa ngumu hata jembe likadunda. Miche ikawa manjano, ikafa yote. Sheila alikaa chini akalia. Sasa wangelala njaa, na njaa hiyo alikuwa ameileta kwa mikono yake mwenyewe.

Mama aliporudi, dhaifu bado, aligonga ardhi kwa kisigino. "Nyathina, mwanangu, nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, Mama. Mwalimu alisema udongo mzuri una mchanga pia, nikataka ukute bustani nzuri."

Mama aliinama akaokota bonge la udongo huo mgumu. "Mfinyanzi na mchanga ndivyo tunavyokandikia nyumba. Umetukandikia ukuta."

Walilowesha ardhi, wakalima, wakaleta samadi, majani makavu na tope laini lililoachwa kijitoni na mafuriko ya mwaka uliotangulia. Wiki baada ya wiki walikula ugali kwa chumvi. Mdogo wake alikonda hadi Sheila akaogopa kumtazama.

Mwishowe ardhi ililainika, wakapanda upya, mboga zikaota. Mavuno ya kwanza hayakujaza hata sufuria ndogo.

"Mwalimu alisema kweli," Mama alisema akipakua. "Lakini udongo hutengenezwa polepole, na bila samadi hukauka ukawa mgumu. Jambo usilolijua, lijaribu kwanza kwenye tuta moja. Ungeharibu moja, mengine yangetulisha."